Kabla ya kulaumu kihisi, uliza mtoto amelalia mkono gani

Ujumbe uliingia juzi kutoka kwa mama ambaye kijana wake wa miaka 12 ana kisukari aina ya kwanza. Mtoto huvaa kihisi, kile kifaa kidogo kinachobandikwa mkononi na kutuma kipimo cha sukari kwenye simu. Usiku wa tatu mfululizo simu inalia saa tisa, kioo kinaonyesha sukari ya 3.1 (mmol/L), yaani iko chini mno, na mshale umeelekea chini. Anaamka, anakoroga sukari kwenye maji, mtoto anakunywa huku macho yamefumba, na asubuhi kipimo cha damu ya kidole kinasoma 16, yaani juu mno. Anauliza kama kihisi ni kibovu, akibandue.

Asikibandue. Aanze kumtazama mtoto amelalia ubavu gani.

Kihisi hakipimi damu. Uzi wake mwembamba, ambao kwenye kihisi cha aina ya FreeStyle Libre una urefu wa milimita 5 hivi, hukaa chini tu ya ngozi, kwenye majimaji yaliyo kati ya seli. Sukari hufika hapo ikitoka kwenye mishipa midogo ya damu. Mtoto akilalia mkono ule, uzito wa mwili hukandamiza ile mishipa na kuyasukuma majimaji pembeni. Sukari mpya haifiki, iliyopo inaendelea kutumika, na uzi unasoma upungufu ambao upo kwenye eneo dogo tu la ngozi. Damu yenyewe inaweza kuwa 7, isiyo na tatizo.

Mchoro kwenye simu hutoa siri. Sukari ya kweli ikishuka usiku, mara nyingi mstari huteremka taratibu kama mtu anayeshuka mlima. Ya kihisi kilicholaliwa huporomoka ghafla kama ukuta, halafu mtoto akigeuka hupanda tena ndani ya robo saa hadi nusu saa, bila kula chochote. Mgeuze, osha kidole chake, pima. Lakini akitetemeka, akitokwa na jasho jingi au akijibu mambo yasiyoeleweka, au kama stripu za kupimia damu ya kidole zimekwisha, usibishane na mashine: mpe nusu glasi ya juisi au kijiko cha chakula cha sukari kwenye maji, kisha pima baada ya dakika 15. Pima kidoleni, kwa sababu kihisi huwa nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 10, wakati mwingine zaidi. Wazazi wengi huongeza sukari mara ya pili na ya tatu wakisubiri kioo kipande, kumbe damu ilishapanda zamani. Hapo ndipo 16 ya asubuhi inapotoka. Inaniuma kuona familia inapoteza usingizi, na kihisi cha gharama kubwa kinatupwa, kwa sababu hakuna aliyewaeleza jambo hili siku ya kwanza.

Sasa mahali penyewe. Libre imethibitishwa kwa nyuma ya mkono, kati ya bega na kiwiko. Dexcom G7, kihisi cha kampuni nyingine, nayo huwekwa hapo, na kwa watoto wa miaka 2 hadi 6 inaruhusiwa pia sehemu ya juu ya makalio. Ukiweka kifuani au pajani kwa sababu umeona mtu amefanya hivyo, namba inaweza kuja, ila hakuna aliyekuhakikishia usahihi wake.

Ndani ya eneo hilo bado kuna kuchagua. Tafuta panapokusanyika nyama laini unapobana kwa vidole viwili. Mtu mwembamba akiweka upande wa mbele zaidi, uzi hugusa msuli: utauma kila akinyanyua ndoo, huenda ukatoa damu, na namba zitarukaruka. Epuka kovu, baka la kuzaliwa, michirizi na vile vivimbe vinavyotokana na kuchoma insulini sehemu moja kila siku. Kama insulini inachomwa mkononi, acha angalau sentimita 2.5 kutoka kwenye Libre. Kwa Dexcom acha sentimita 7.5, yaani upana wa vidole vinne.

Kabla ya kupachika, fanya jaribio hili. Mtoto aguse bega la upande wa pili, anyooshe mkono kama anayechukua kitu juu ya kabati, kisha alale chali na kila ubavu. Weka alama ya kalamu pale ambapo ngozi haikunji na godoro halifiki. Anayelala chali husahaulika, ingawa nyuma kabisa ya mkono wake ndiyo inayobeba uzito. Kwake sogeza kidogo upande wa nje. Mama anayebeba mtoto mgongoni aangalie kanga inapita wapi, na mwanafunzi aangalie mkanda wa begi.

Ngozi ioshwe kwa sabuni ya kawaida. Siku hiyo mkono usipakwe mafuta ya nazi wala losheni. Pangusa kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke yenyewe, usipulizie kwa mdomo. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, kaa kwanza kwenye feni, maana gundi haishiki kwenye jasho. Ukiongeza plasta juu ya Libre 2, lile tundu dogo la katikati libaki wazi.

Pachika asubuhi. Libre 2 huanza kusoma baada ya dakika 60 na G7 baada ya dakika 30, lakini saa 24 za kwanza ndizo zenye makosa mengi. Ukipachika jioni, makosa hayo yote yanaangukia usiku wa kwanza.

Dawa nazo zichunguzwe. Vitamini C ya vidonge zaidi ya miligramu 500 kwa siku inaweza kupandisha namba za Libre kwa uongo. Haidroksiurea, dawa wanayotumia wagonjwa wengi wa selimundu, hupandisha za Dexcom. Namba ya uongo iliyo juu ni hatari kuliko iliyo chini, kwa sababu mtu ataongeza insulini asiyoihitaji.

Kihisi kibovu kipo pia, na hujulikana hivi: saa 24 zimepita, hakuna anayekilalia, mshale umelala sawa (sukari haipandi wala haishuki), mikono imeoshwa (maji ya embe kidoleni yanatosha kuipandisha glukometa, ile mashine ya kupima kidole), umepima mara mbili kwa kupishana saa kadhaa, na bado tofauti kati ya kihisi na kidole inazidi asilimia 20. Hapo kibandue, pachika kipya mkono wa pili, na usitupe boksi. Namba ya mfululizo iliyo ubavuni ndiyo aliyekuuzia atakayoiuliza ukidai kingine.