Barua kwa mwanangu: Ingia uvunguni kwanza

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, ila mvua za masika zimetuandama na nguo hazikauki. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unaniuliza utajuaje kama gari la fowili, yaani linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, lililokwisha kutumika ni la kuaminika, na unaniambia kwamba umeshaona mawili yanayolingana na uwezo wako: Suzuki Escudo ya mwaka 2003 inayouzwa Paje, na Toyota Prado ya dizeli ya mwaka 1998 iliyopo Mombasa. Mwanzo nilishtuka nikidhani unataka kuvuka mpaka kwenda Kenya, hadi nilipokumbuka kwamba ni Mombasa ya hapo hapo mjini Unguja.

Mimi si fundi, na wewe unalijua hilo. Lakini kwa miaka kumi na tisa nilikaa kwenye meza ya mbele ya gereji ya marehemu baba yako, nikiandika kila gari lililoingia, kilichoharibika, kilichonunuliwa na kilicholipwa. Daftari lile lilinifunza jambo ambalo mafundi wenyewe hawakuliona sana, kwa kuwa wao vichwa vyao vilikuwa ndani ya boneti mchana kutwa. Kurasa za injini zilikuwa chache. Zilizojaa ni za vitu vya chini: bushi (mipira ya viungo), mabomba ya breki yaliyoliwa na kutu, vishikio vya springi, difu (visanduku vya gia vya kwenye ekseli) zilizoingia maji, na chesi (fremu ya chuma inayobeba gari) zilizounganishwa kwa kuchomelea. Na magari yaliyorudi mara kwa mara hayakuwa ya jina moja. Yalikuwa ni ya watu wa aina moja, wale wanaobadilisha oili pale gari linapoanza kulalamika.

Kwa hiyo sitakujibu kwa kukutajia jina la gari la kununua. Ni kweli kwamba Land Cruiser ya safu ya 70, inayotengenezwa tangu mwaka 1984, heshima yake imeipata kwa haki, na injini yake ya 1HZ, ya silinda sita isiyo na tabo (turbo), huvumilia mengi. Lakini hata injini hiyo ina mkanda wa taimingi, unaopanga mwendo wa vali, unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000, na tuliwapokea watu waliokuja na Land Cruiser ikivutwa kwa kamba kwa sababu walidhani jina linatosha kuwa matengenezo.

Kwetu visiwani adui wa kwanza wa gari ni chumvi. Gari linaweza kuwa limetoka Japani na kutu yake tayari, hasa likiwa lilitumika upande wa kaskazini kama Hokkaido, ambako barabara hunyunyizwa chumvi wakati wa theluji. Likifika hapa likapelekwa pwani, hali huzidi. Escudo hiyo ya Paje usiache kuiuliza ilikuwa ikifanya kazi gani. Kama ilikuwa ikipeleka wageni mchangani, au ikibeba magunia ya mwani mbichi yanayochuruzika maji ya bahari nyuma ya viti, basi imekuwa ikioga chumvi kila siku, na kuoshwa bodi peke yake hakuisaidii kitu.

Nikueleze jambo ambalo baba yako hakupenda lisimuliwe. Mwaka mmoja wa karafuu nyingi, wewe ukiwa bado unasoma chuoni kwa maalim, alinunua Land Cruiser ya pikapu kwa ajili ya kubebea magunia. Chini ilikuwa imepakwa rangi nyeusi inayong'aa kama sufuria jipya, na muuzaji akajisifu kwamba ameikinga na kutu. Baba yako, ambaye wateja wake aliwakemea kila siku kwa pupa, siku hiyo hakulala chini kuikagua kwa sababu alikuwa amevaa kanzu. Tulikuwa tumetoka Ijumaa. Wiki ya tatu, akiteremka kilima na mzigo, akasikia mlio kama wa tawi linalokatika. Kishikio cha springi ya nyuma kilikuwa kimetoka pamoja na kipande cha chesi. Alipochomeka bisibisi pembeni ya tundu lile, iliingia mpaka kwenye mpini, na unga mwekundu ukamwagika mkononi mwake kama pilipili ya kusaga. Ile rangi nyeusi ilikuwa bado nzima, imeshika umbo la chuma ambacho hakipo tena.

Basi wewe nenda na nguo za kuchafuka. Lala chini ya gari na tochi, anza nyuma, juu ya ekseli, maana hapo ndipo tope na chumvi hukaa muda mrefu bila kuonekana, kisha fuata chesi kwenda mbele ukiigonga kwa mpini wa bisibisi kila shubiri mbili. Chuma kizima huitika kwa mlio mkali. Kilichooza huitika kizito kama mlango wa mbao. Kutu nyepesi ya juu juu, inayofutika kwa kidole, isikutishe, kwani gari la visiwani lisilo na kutu kabisa nalo lina maswali yake. Kinachotisha ni kutu inayobanduka kwa magamba, na rangi mbichi iliyopakwa juu ya magamba hayo. Tazama pia mabomba membamba ya breki yanayopita kando ya chesi. Ukimaliza huko, ingia ndani, inua zulia la miguuni, na vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake: ukiona mstari wa tope katika sehemu ambayo kwa kawaida haitoki, gari limewahi kuzama, uwe ni mkondo wa mvua au ni bahari.

Sasa nije kwenye fowili yenyewe, kwani hicho ndicho unacholipia zaidi, na ndicho ambacho muuzaji mara nyingi hajakitumia hata siku moja. Fowili hufa kimya kimya kwa kutotumika. Mtu anaendesha mjini miaka mitano, kigingi cha kuingizia fowili hakiguswi, oili ya difu ya mbele haibadilishwi, mipira inapasuka, na siku anapotaka kutoka kwenye tope ndipo anapogundua kwamba alikuwa akiendesha gari la kawaida lenye matairi makubwa.

Magari yako mawili hayapimwi kwa namna moja. Escudo ya mwaka huo huvuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake mpaka uingize 4H, yaani fowili ya mwendo wa kawaida, na ikishaingia, mbele na nyuma hufungwa pamoja bila difu ya kati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa yamefungwa pamoja, gari hujikaza. Tumia hilo kuipima. Tafuta uwanja wa udongo mgumu au kokoto, ingiza 4H, kunja usukani mpaka mwisho, na uende polepole sana hatua chache tu. Ukihisi gari linajivuta kama lililosahauliwa breki ya mkono, mbele inafanya kazi. Likizunguka kwa wepesi kama hukufanya lolote, taa ya kwenye dashibodi inakudanganya. Katika baadhi ya Suzuki, mbele hufungwa kwa hewa inayopita kwenye mipira midogo, na mipira hiyo ikipasuka, kigingi huingia lakini magurudumu hayapati habari. Usilifanye jaribio hili kwa muda mrefu wala kwenye lami, utaharibu kitu cha mtu. Kisha simamisha gari kabisa, ingiza 4L, yaani fowili ya gia nzito za taratibu, na usikilize: kunguruma kidogo ni kawaida, kusaga si kawaida.

Prado hiyo ni tofauti, kwani yenyewe huvuta kwa magurudumu yote manne muda wote na ina difu ya kati. Kigingi chake kina H (mwendo wa kawaida), HL (mwendo wa kawaida, difu ya kati imefungwa), N (huru) na LL (gia nzito za taratibu, difu ya kati imefungwa), na unachotakiwa kukihakikisha ni kwamba ukiingiza HL difu ya kati inafungwa kweli na ukirudisha H inafunguka, si kubaki imekwama. Kwa gari la namna hii, yakague matairi kwa makini zaidi: yote manne yawe ya saizi moja na yamelika sawasawa, vinginevyo difu ya kati imekuwa ikifanya kazi isiyo yake siku zote. Umri wa tairi utausoma ubavuni katika tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 1419, limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2019.

Kwa magari yote mawili, mlipe fundi akufungulie nati ya kujazia oili kwenye difu ya nyuma na ya mbele, achovye kidole. Oili nyeusi ni uchakavu. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni maji, na vipande vya chuma vinavyometameta ni kwaheri. Fundi huyo umtafute mwenyewe. Asiwe wa dalali, wala asiwe rafiki wa muuzaji aliyetokea pale kwa bahati.

Kuhusu injini nitasema machache, kwa sababu hapo kila mtu atakushauri. Gari ulikute baridi; liguse boneti kabla ya salamu. Fungua kifuniko cha rejeta likiwa bado baridi, uone kama maji ni safi au yana mafuta juu. Likiwaka, moshi wa buluu maana yake linakula oili, mweupe usiokoma huenda maana yake maji yanaingia ndani ya silinda. Prado za miaka ile zenye injini ya 1KZ-TE ya lita 3.0 zinajulikana kwa kupasuka silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) zikichemka, kwa hiyo hiyo ya Mombasa usiipime kwa kuizungusha mtaani. Iendeshe kwa nusu saa na zaidi, upite Tunguu mpaka Jozani, ukitazama mshale wa joto, na ukirudi uiache ikinguruma huku ukitafuta harufu ya maji ya rejeta na mapovu kwenye chupa yake. Kilomita zinazoonyeshwa usizitegemee, kwani hurudishwa. Mpira wa pedali ya breki na ukingo wa kiti cha dereva ni vigumu zaidi kudanganya.

Karatasi usizifanyie haya. Namba ya chesi iliyogongwa kwenye chuma ifanane na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, na jina la kwenye kadi liwe la huyo anayepokea pesa. Namba ya gari ikianzia na T ya Bara badala ya Z ya Zanzibar, ulizia kwanza habari ya ushuru na usajili.

Ukiniuliza ningechukua lipi, nitakwambia kwamba kwa kazi yako ya kupima mashamba, peke yako na vifaa vyako, Escudo inatosha, na matumizi yake ya mafuta utayamudu. Prado ni gari bora zaidi, ila bei uliyonitajia ni ya chini mno kwa Prado iliyo salama, na hilo linanifanya niifikirie ile hedi. Vyovyote utakavyoamua, katika pesa ulizoweka, moja ya tano usiiguse. Ni ya oili zote, mikanda, matairi na bushi za mwezi wa kwanza.

Jumamosi uondoke mapema ufike Paje kabla ya saa moja asubuhi, na umwambie mwenye gari asiliwashe mpaka ufike. Chukua tochi, bisibisi, na khanga kuukuu ya kulalia, wala si ule mkeka niliokupa. Ukishatoka uvunguni nipigie simu, kabla hamjaanza mazungumzo ya bei.

Wasalaam,
Mama yako