Mpira Ukisharuka, Kamera Ibaki kwa Mchezaji

Toleo lililopita tulieleza filamu ya mwaka 2004 kuhusu maisha ya Bobby Jones, bingwa wa gofu wa Marekani, iliyoongozwa na Rowdy Herrington, Jim Caviezel akiwa Jones. Barua zilizokuja kutoka Malindi na Lamu zimetufurahisha, kwa sababu wengi hawaishii kwa Jones. Wanauliza habari za wazee wao, makedi waliobeba mikoba ya fimbo za wageni hadi wakaujua mchezo kuliko wenye mikoba. Tumejibu tano.

Salamu mhariri. Katika filamu ile Jones anajihesabia mkwaju wa adhabu ilhali hakuna aliyemwona. Ni kweli, ama wametia chumvi? Na mkwaju mmoja una uzito gani hata uzungumzwe miaka yote hii? — Msomaji, Barani, Malindi

Ni kweli tupu. Ilikuwa 1925, mashindano ya US Open, uwanja wa Worcester katika jimbo la Massachusetts, raundi ya kwanza, shimo la 11. Mpira wa Jones ulikuwa kwenye nyasi ndefu. Alipotua fimbo ili apige, mpira ukacheza kidogo. Waliosimama karibu waliulizwa, hakuna aliyeona kitu, na uamuzi akaachiwa mwenyewe. Akajiongezea mkwaju mmoja kwenye kadi.

Sasa uzito wake. Baada ya mashimo 72, Jones na Willie Macfarlane walikuwa sawa, mikwaju 291 kwa 291. Wakacheza mashimo 18 ya kuamua, wakatoka tena sawa, 75 kwa 75. Wakarudia 18 mengine: Macfarlane 72, Jones 73. Bila ya ule mkwaju wa shimo la 11, Jones angechukua kombe hata kabla ya hayo mashimo 36 ya ziada kuchezwa.

Kwa anayetaka kupiga tukio la namna hii, taabu ni kwamba lenyewe ni dogo kuliko ukucha. Laza kamera chini kabisa, mpira ujaze robo ya picha. Usiufunge mpira uzi, maana ukivutwa utabingirika kama kitu kinachokokotwa na mtazamaji atajua. Chukua mshipi wa kuvulia, ule mwembamba kuliko yote, ufunge kwenye kishungi cha nyasi kilicho chini ya mpira, kisha msaidizi aliyekaa mita 2 nje ya picha auvute polepole. Nyasi zinalala, mpira unaketi nusu ya upana wa kidole. Rudieni mara 10 au 15, moja itatoka sawa. Kisha nenda kwenye uso wa mchezaji, kisha penseli na kadi. Ila hiyo kadi iwe imeshaonyeshwa mapema, angalau mara 2, ikiandikwa shimo kwa shimo. Asiyejua gofu akiiona kwa mara ya kwanza pale kwenye adhabu, penseli haitamwambia kitu.

Mhariri, ami yangu alikuwa kedi, baadaye akawa bingwa wa makedi wenzake miaka ya sabini. Hana video hata moja. Ana kikombe, kadi chache na picha za mnato zilizoanza madoa. Vijana wa mtaa tunataka kumpigia filamu ya dakika 20. Tuanzie wapi? — Msomaji, Maweni, Malindi

Anzeni na kadi. Kadi ya alama ni hati yenye tarehe, uwanja, idadi ya mikwaju kwa kila shimo, na saini ya aliyeandika. Kaeni na ami mzisome naye moja moja, simu ikinasa sauti. Akifika kwenye shimo lenye 7 au 8 kati ya 4 na 5, msimamisheni hapo. Mchezaji wa kweli husahau aliposhinda vikombe, lakini mahali alipopiga mikwaju 8 atakueleza upepo ulitoka wapi.

Picha zenu za mnato zimeharibiwa na unyevu wa pwani, na kosa linaloziua kabisa ni kuzibandua kwenye kioo zilikogandia. Msizibandue. Zipigeni juu ya kioo hicho hicho, dirishani penye kivuli, bila flashi, kamera ikikitazama kioo sawasawa, bila kuinama upande, nacho kioo kiegemezwe kwa namna kisirudishe mwanga. Zisizogandia ziskeniwe kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Picha yenye muhuri wa studio ina mwenyewe, basi ombeni ruhusa kwa maandishi.

Mahojiano yasifanyiwe sebuleni, ami akiwa kwenye kochi na mikono imekunjwa. Mpelekeni uwanjani, mpeni fimbo ya chuma aishike tu. Mtu wa mchezo huu akishika fimbo, vidole vyake huanza kusema kabla ya mdomo. Nasa dakika 40 kwa siku, si zaidi, na rudini siku nyingine muulize mambo yale yale, kwani mara ya pili hutoa majina na rangi alizoruka mara ya kwanza.

Halafu chagueni raundi moja tu. Hili tunalisema kwa msisitizo, maana filamu nyingi za mabingwa hufia hapa: zinapanga vikombe kama bakuli kwenye kabati. Raundi moja huchukua karibu saa 4 na ina mashimo 18. Nyinyi mnahitaji matatu: moja alilokosea, moja alilolazimika kuamua, na moja la mwisho. Maisha yake mengine yaingie katikati ya mashimo hayo, anapotembea. Gofu ni mchezo wa kutembea. Kupiga kwenyewe, ukijumlisha mikwaju yote, hakufiki hata dakika 2, na ndiyo sababu tunasema mpira ukisharuka, kamera ibaki kwa mchezaji. Tabia yake iko pale. Anaitupa fimbo, au anairudisha mkobani taratibu? Anamtazama kedi wake, au anamgeuzia mgongo?

Kuhusu vifaa, miaka ya sabini fimbo kubwa ya kuanzia ilikuwa na kichwa cha mti. Vile vichwa vya chuma vyenye uwazi ndani vilianza kuuzwa 1979, na vya leo vimetuna mpaka sentimita za ujazo 460. Mkimpa mwigizaji fimbo ya leo katika onyesho la 1975, mzee yeyote aliyewahi kubeba mkoba atacheka. Na mkipiga wakati wa Jones, hata mpini uwe wa mti: ushindi wake wa 1930, wa mataji manne makubwa ndani ya mwaka mmoja, aliupata kwa fimbo za mpini wa mti wa hickory, ingawa chuma kilikuwa kimeruhusiwa Marekani tangu 1924.

Nimempiga kijana wetu video kwa simu akicheza. Fimbo inatoka imepinda kama uta, na mpira ukipigwa hauonekani kabisa. Simu ni mbovu? — Msomaji, Langoni, Lamu

Simu ni nzima. Kamera ya simu haisomi picha yote kwa mpigo, inasoma mstari baada ya mstari. Fimbo ikipita kwa kasi, ule mstari wa juu umeikuta hapa na wa chini umeikuta kule, basi inaonekana imepinda. Tumia mpangilio wa fremu 240 kwa sekunde, ambao katika simu nyingi husoma mistari haraka zaidi, na rudi nyuma ili mchezaji awe mdogo ndani ya picha. Mpangilio huo unataka jua la kutosha, kwa hiyo jioni ya giza usihangaike nao.

Mpira ni hesabu. Mchezaji wa kawaida mwenye nguvu huutoa kwa takriban mita 60 kwa sekunde. Kwa fremu 25, kati ya picha moja na nyingine umeshakwenda mita 2.4, yaani umetoka nje ya picha yako. Kule kugusana kwa fimbo na mpira ni kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Acha kuukimbiza.

Unachokitaka ni ule mlio: tak! Weka kinasa sauti mita 1 kutoka kwenye mpira, nyuma na kando ya mchezaji. Kusi ikivuma itakuharibia kila kitu, basi kata sponji ya godoro, toboa tundu, zamisha maikrofoni humo. Mkiwa karibu na mivinje, naseni pia dakika 2 za uvumi wa miti peke yake, mtaziweka chini ya sauti zote wakati wa uhariri ili viungo visisikike. Kisha panga hivi: fimbo inashuka, mlio, uso wa mchezaji unaofuata mpira angani, halafu picha nyingine kabisa ya mpira ukianguka kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo. Huo wa kuanguka hurushwa kwa mkono na mtu aliye juu ya ngazi, nje ya picha. Aurushe juu ili uporomoke. Akiurusha mbele utaonekana wazi kuwa umetupwa.

Mpira wa kuingia shimoni ni rahisi zaidi. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108. Laza simu nyuma yake, bingirisha mpira kwa mkono kutoka mita 1.

Mbili za haraka: mtu wa kamera asisimame mbele ya mpira hata siku moja, labda uwe wa plastiki wenye matundu, kwa kuwa mpira halisi una gramu karibu 46 na unavunja mfupa wa jicho. Na pwani yetu jua la saa sita liko utosini, kofia itaufanya uso kuwa kiza. Pigeni toka saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Mkilazimika mchana, tandazeni shuka jeupe chini, mbele ya mchezaji, limrudishie mwanga usoni.

Natafuta mfano wa bingwa aliyeanzia ufukweni, nimwonyeshe mwanangu hapa kwenye mchanga wetu. Yupo? — Mama, Shela, Lamu

Yupo, Bi, na Kenya inamjua. Seve Ballesteros alizaliwa 1957 Pedreña, kijiji cha kaskazini mwa Uhispania. Utotoni alikuwa na fimbo moja, chuma namba 3, akawa anapiga nayo ufukweni. Kwa fimbo moja ilimbidi ajifunze kuulaza na kuusimamisha uso wa fimbo, kuupandisha mpira na kuulaza, na ndiyo maana alipokuwa mkubwa hakuna mahali palipomtisha. Mwaka 1978 alishinda Kenya Open. Mwaka uliofuata, Lytham huko Uingereza, siku ya mwisho, shimo la 16, mpira wake uliangukia kwenye maegesho ya muda ya magari, naye akalimaliza shimo hilo kwa mkwaju mmoja chini ya kiwango, yaani idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo, na kulichukua kombe la The Open, mashindano makubwa ya Uingereza.

Mwanao aanze maji yakiwa yamepwa, kwenye mchanga uliolowa na kukaza. Mchanga mkavu wa juu unameza kichwa cha fimbo na unaumiza vifundo vya mkono. Kokoto asipige, huvunjika na kuruka machoni.

Ami huyo huyo wa Maweni alikuwa na hasira za kuvunja fimbo. Shangazi zetu wanasema hilo tulifiche. — Vijana, Maweni, Malindi

Shangazi zenu wanalinda jina la ndugu yao na wanastahili kusikilizwa kwanza. Waelezeni habari ya Jones. Alipocheza mashindano ya taifa ya ridhaa akiwa na miaka 14, mwaka 1916, alikuwa akitupa fimbo mbele za watu. Mwaka 1921, akicheza The Open kwenye uwanja wa St Andrews huko Uskochi, alikwama kwenye mtego wa mchanga wa shimo la 11, akakata tamaa na kujitoa. Ukizifuta hasira hizo, ule mkwaju wa 1925 unabaki kuwa kitendo cha mtu mpole aliyezaliwa hivyo. Ukiziacha, mtazamaji anaona mtu aliyejishika mwenyewe, miaka 4 tu baadaye. Na St Andrews ile ile alirudi akashinda The Open ya 1927, na 1958 mji ukampa heshima ya kuwa mwenyeji wake, wakati huo maradhi ya uti wa mgongo yamekwisha kumlemaza.

Kwa hiyo hasira ya ami iwekeni mara moja, mahali ilipotokea kweli, ikithibitishwa na watu 2 walioiona, na ami mwenyewe aisimulie. Maneno ya mtu wa tatu juu ya hasira za mzee yasiingie. Mkimaliza uhariri wa kwanza, mwonyesheni yeye na shangazi kabla ya mtu mwingine yeyote, na akisema hapana, toeni.

Leseni ya kupiga filamu ombeni kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, na droni, mkiwa nayo, inataka kibali cha Mamlaka ya Safari za Anga. Barua ya klabu ya gofu ichukueni mapema, na muombe siku ya kazi asubuhi, nyasi zikiwa zimekatwa na wachezaji wachache. Siku ya mashindano hata mkiruhusiwa kuingia, ami hatapata nafasi ya kusimama kwenye shimo lake.