Kujua umeme wa jengo unakoishia bila mita mpya

Ndugu, mfumo wako wa kudhibiti viyoyozi unaweza kukuonyesha umeme unakoishia, ila si wote: taa na soketi kwa kawaida hauzioni. Anza na vidhibiti mwendo vya feni na pampu, yaani vifaa vinavyobadilisha kasi ya mota zake. Vingi hupima kilowati zake na kuzitoa kwa Modbus (lugha ya mawasiliano kati ya mitambo); zirekodi kila dakika 15. Usikadirie kwa kasi peke yake, maana feni ikienda nusu kasi hula takriban moja ya nane ya umeme, si nusu.

Kwa maji baridi ya viyoyozi, zidisha lita kwa sekunde kwa 4.19, kisha kwa tofauti ya nyuzijoto kati ya maji yanayokwenda na yanayorudi. Hizo ni kilowati za ubaridi, si za umeme. Vihisi vikikosea nusu nyuzi kwenye tofauti ya 5, tayari umepotoka asilimia 10. Na hamisha kumbukumbu kila siku. Kidhibiti cha mfumo kikijaa huweza kufuta za zamani kimyakimya.