Tamthilia ya 1995 au filamu ya 2005?

Ndugu yangu, umeuliza uanze na ipi kati ya tamthilia ya BBC ya 1995 na filamu ya 2005, zote zikitokana na riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice, iliyochapishwa mwaka 1813. Mimi, mwanafunzi ninayeiba muda wa kudurusu ili nitazame filamu, nakushauri uanze na tamthilia. Sehemu zake sita zilimpa mwandishi wa mswada, Andrew Davies, nafasi ya kuwaacha wahusika wabadilike polepole, hivyo chuki ya Elizabeth, mhusika mkuu, kwa Darcy, bwana tajiri mwenye majivuno, inapoyeyuka, mtazamaji hahisi kwamba ameharakishwa.

Hata hivyo, filamu ya Joe Wright, iliyolazimika kuyabana yote hayo katika saa mbili hivi, ina jambo lisilopatikana kwingine: Darcy anamshika Elizabeth mkono kumsaidia kupanda gari la farasi, kisha anapoondoka, kamera inausogelea mkono wa Darcy, navyo vidole vinakunjuka ghafla bila yeye kutamka neno. Riwayani tukio hilo halimo, nami silioni kuwa dosari hata kidogo. Lile la Colin Firth, aliyeigiza Darcy katika tamthilia, akiwa na shati lililolowa, ambalo nalo halimo kitabuni, naona limesifiwa kupita kiasi.