Swali la lugha: "Nafsi ya ndani ya Mark imemwacha Gemma"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza "Cold Harbor", sehemu ya mwisho ya msimu wa pili wa tamthilia ya Severance, na mikono bado inatetemeka. Nikawaandikia wenzangu hivi: "Jamani! Nafsi ya ndani ya Mark imejirekodi, imejijibu, imemuua Drummond, imemfikisha Gemma mlangoni, halafu imemwacha na imekimbia na Helly!" Rafiki yangu anasema ningeandika "amejirekodi, amejijibu". Mimi najua nafsi iko ngeli ya I-ZI. Nani yuko sahihi? Na mbona nilikuwa napiga kelele lakini maandishi yametoka kama taarifa ya ofisi?

JIBU: Marahaba. Kwa upatanisho wa kisarufi, wewe ndiye uliye sahihi. Nafsi imeridhika, nafsi inamsuta. Hakuna anayesema nafsi "ameridhika". Rafiki yako naye amesikia kitu cha kweli, ila amekisahihisha mahali pasipo pake. Kitenzi hakina kosa. Nomino ndiyo iliyokuponza.

Kwa wasioitazama: Severance ilibuniwa na Dan Erickson, Ben Stiller akaongoza sehemu zake nyingi, na ilianza kuonyeshwa Apple TV+ tarehe 18 Februari 2022. Wafanyakazi wa kampuni ya Lumon hupandikizwa kifaa ubongoni. Akiwa kazini, mtu hakumbuki lolote la nyumbani. Akiwa nyumbani, hakumbuki lolote la kazini. Mwili mmoja, watu wawili wasiojuana. Yule wa kazini ndiye uliyemwita nafsi ya ndani. Mark ni mmoja wa wafanyakazi hao, Helly ni mwenzake wa kazini, Gemma ni mkewe wa nyumbani aliyedhaniwa amekufa, na Drummond ni mmoja wa wakubwa wa Lumon. Swali zima la tamthilia ni kama yule wa kazini ni mtu kamili au ni mali ya yule wa nyumbani. Katika msimu wa kwanza Helly anaomba kuacha kazi, na Helena, yaani yeye wa nje, anamjibu kwa video kwamba mwenye utu ni yeye Helena, Helly si mtu, kwa hiyo hana uamuzi.

Sasa tazama Kiswahili kinavyoingia katika ugomvi huo. Sisi humtia mtu ndani ya A-WA hata umbo la neno likivuta kwingine: kipofu ameketi, kijana amefika, nesi ameingia, rafiki yangu amesema. Upatanisho wa A-WA ndio unaotangaza kwamba hapa pana mwenye uhai na utashi. Chukua neno kichaa. "Kichaa kimempanda" ni ugonjwa; "kichaa amepita" ni mtu. Neno ni lile lile, na kiambishi peke yake kimeamua kama tunazungumzia hali au binadamu. Kinyume chake, ukitaka kumdunisha mtu mzima unamtoa humo: "kijitu hiki kinajifanya kinajua". Mwenye kutajwa hivyo haulizi maana, anajua ametukanwa.

Kwa hiyo unapoandika "nafsi ya ndani ya Helly ilitaka kuacha kazi", unafanya mambo mawili bila kukusudia. Unamtoa Helly katika A-WA, na kwa ile "ya" unamfanya sehemu ya mwenye nafsi, maana nafsi siku zote ina mwenyewe. Sarufi yako imekubaliana na Helena! Na kwa jinsi ulivyofurahia, sidhani kama huo ndio upande wako. "Roho ya Mark", "akili ya Mark" na "upande wa Mark" yote yana kasoro hiyo hiyo.

Sema "Mark wa ndani" na "Mark wa nje", kama tunavyosema Juma wa Kariakoo kumtofautisha na Juma wa Temeke. Hapo "wa" ni ya A-WA, na ndani au nje inaeleza mahali tu. Pia kuna "mwenzake": "Mark wa ndani hamwamini mwenzake". Neno hili nalipenda kwa kazi hii, kwa sababu linawaweka sawasawa, hakuna aliye juu ya mwingine.

Lakini kuwa mwangalifu na mitego miwili. Wingi usiandike "wafanyakazi wa ndani", kwani msomaji ataona wasaidizi wa kazi za nyumbani. Andika "wale wa ndani". Na usiandike "Gemma ni mke wa Mark wa nje". Ile "wa nje" inaweza kushikamana na mke badala ya Mark, na mke wa nje, kama ujuavyo, ni habari nyingine kabisa. Hapo tumia majina ya tamthilia yenyewe: kazini ni Mark S., nyumbani ni Mark Scout; vivyo hivyo kwa wenzake wa kazini, Irving B. na Irving Bailiff, Dylan G. na Dylan George. "Gemma ni mkewe Mark Scout" haina utata.

Sasa hiyo "imejirekodi, imejijibu". Kiambishi -ji- kinadai mtenda na mtendwa wawe mmoja. Katika "Cold Harbor" si hivyo. Wawili hao wanazungumza kwa kamera katika kijumba: ndani ya kijumba anaamka Mark S., akitoka barazani anaamka Mark Scout. Mmoja anarekodi ujumbe, mwingine anautazama na kurekodi wake. Ukisema "alijijibu", mazungumzo yamekufa. Tunamwona mtu mmoja anayesema peke yake. Rudisha kiambishi cha mtendwa: Mark Scout alimrekodia Mark S. ujumbe, Mark S. akamjibu. Kisha ongeza kauli ya kutendana: wakajibizana, wakabishana, wakakosana. Hizo ni -an- zinazohitaji angalau watu wawili, na ndizo zinazobeba mshtuko wa tukio lile, la mwili mmoja kugombana wenyewe kwa wenyewe.

"Imemuua Drummond" nayo inahitaji jicho la karibu. Bastola iko mkononi mwa Mark S. lifti inaposhuka. Kabla lifti haijafika chini anabadilika kuwa Mark Scout, na katika mshtuko wa kubadilika kidole kinakaza. Nani aliua? Kiswahili kina jibu safi katika mzizi mmoja. "Alifyatua bastola" kuna aliyekusudia. "Bastola ilifyatuka" hakuna. Andika "bastola ikafyatuka mkononi mwake", nawe utakuwa umeeleza kisa bila kumhukumu yeyote kati ya wawili wale.

Nikija kwenye kelele zako zilizogeuka taarifa: kilichozipoza ni -me-. Umeitumia mara sita mfululizo. -me- huonyesha jambo lililokwisha na matokeo yake yapo. Ukiipanga foleni, kila tendo linasimama peke yake kama orodha ya vitu vilivyopokelewa ghalani. Msisimko wa masimulizi uko katika -ka-. Anza na -li- moja, halafu achia -ka- zikimbizane. Mahali pa kasi zaidi, tupa hata kitenzi: "huyo chini!", "mara hao, mbio!"

Ila usiitie -ka- kila pahali. Pale mlangoni Gemma yuko ngazini, anamwita Mark huku Mark S. akisita. "Mark S. akageuka, Gemma akamwita" maana yake alianza kuita baada ya kugeukwa. "Mark S. akageuka, Gemma akimwita" maana yake sauti ilikuwa masikioni mwake wakati wote, na bado akageuka. Herufi moja, na uchungu wote wa sehemu ile umo humo.

Ningeiandika hivi:

"Jamani! Mark Scout alimrekodia Mark S. ujumbe, Mark S. akamjibu, wakajibizana weee mpaka wakakosana. Lifti ikashuka, bastola ikafyatuka, Drummond huyo chini! Mark Scout akampata Gemma, wakapanda lifti. Kufika tu mlangoni, Mark S. akamtoa Gemma, yeye akabaki. Gemma akimwita, akimsihi, Mark S. akageuka, akamwona Helly. Mara hao, mkono kwa mkono, mbio koridoni!"

Na kwa kuwa hamu imekushika, nadhani utarudi kuandika kuhusu mwisho wa msimu wa kwanza, uliotoka tarehe 8 Aprili 2022, pale Mark S. anapotambua picha ya Gemma na kupiga ukelele kwamba mwanamke huyo hajafa. Wengi leo husema "yuko hai", na ni sawa katika mazungumzo. Kwa ukelele wa mtu anayejua muda unamwishia, chagua umbo fupi la zamani: "Yu hai!" Epuka "anaishi", kwa sababu msomaji huielewa kwanza kama habari ya makazi.