Nataka kuchangia psutil na maktaba nyingine kama hiyo, lazima nijue lugha ya C kwanza?

SWALI: Shikamoo dada. Niko mwaka wa pili kompyuta sayansi hapa Dodoma, Python naijua kiasi na laptopu yangu ya zamani ina Linux. Natamani kuchangia zile maktaba huria za msimbo zinazosoma hali ya mashine, prosesa imefika asilimia ngapi, memori imebaki kiasi gani. Shida nikifungua msimbo wake sijui nishike wapi. Lazima nijue C kwanza?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. C utajifunza mbele ya safari, isikuzuie. Anza na psutil, maktaba ya Python ya kusoma hali ya mashine, aliianzisha Giampaolo Rodolà mwaka 2009, inafanya kazi Linux, Windows, macOS mpaka FreeBSD, na upande wa Linux sehemu kubwa ni Python inayosoma mafaili ya /proc tu, yaani folda ambamo Linux inaonyesha hali ya mashine, kwa hiyo unaweza kuisoma leo leo.

Ila kabla hujagusa msimbo andika cat /proc/meminfo kwenye terminal uangalie MemFree (memori isiyotumika kabisa) na MemAvailable (memori ambayo programu zinaweza kuipata), mara nyingi utakuta zimepishana sana, maana Linux haiachi memori ikae bure, inahifadhia mafaili uliyoyasoma karibuni na ikihitajika inaiachia, sasa mtu akiangalia MemFree peke yake anadhani mashine imeelemewa kumbe nzima kabisa. MemAvailable yenyewe imekuja na keneli (kiini cha Linux) toleo la 3.14 mwaka 2014. Prosesa nayo hivyo hivyo, /proc/stat haina asilimia yoyote, ina muda uliojumlishwa tangu mashine iwashwe, lazima usome mara mbili upate tofauti, ndo maana cpu_percent() ya psutil ukiiita mara ya kwanza bila kuipa muda wa kusubiri inakupa 0.0. Asiyejua hayo ataripoti bagi ambayo haipo.

Halafu endesha testi zote za psutil kwenye hiyo hiyo laptopu ya zamani. Ikifeli moja umepata kazi, kwa sababu wenye mradi hawawezi kuwa na kila aina ya mashine. Tafuta kwanza kama imesharipotiwa, kama bado andika toleo la keneli, la Python na la psutil, ulichotegemea, ulichopata, na /proc yenyewe inasemaje. Ukituma marekebisho yawe ya jambo moja, na testi yake, na usitume mstari hata mmoja ambao huwezi kuueleza ukiulizwa, hapo niko siriasi kabisa.

Ukizoea ingia kwenye kontena za Docker, yaani programu zinazoendeshwa zikiwa zimetengwa ndani ya mashine. Kule /proc/meminfo kwa kawaida inaonyesha memori ya mashine nzima, wakati kikomo ulichowekewa kwenye mifumo ya sasa kiko /sys/fs/cgroup/memory.max, na programu nyingi bado zinadanganyika hapo.