Ukienda kutazama picha za Siena, chuchumaa

Ukiingia kwenye maonyesho ya picha za Italia za karne ya 14 bila kujiandaa, ukifika chumba cha pili utaanza kuona zote zimefanana: Bikira Maria na mwanawe, dhahabu tele, watakatifu wamejipanga mstari. Mwaka 2025, kwenye maonyesho ya picha za Siena, mji wa Italia, pale National Gallery, London, nilisikia watu wakinong'ona hivyo, na siwalaumu. Tumezoea picha ya kutundika sebuleni. Hizi, nyingi zimechorwa juu ya mbao, zilikuwa vyombo vya ibada, kila kimoja na mahali pake, kanisani au chumbani mwa mtu, na mwanga wake ulikuwa wa mishumaa. Kwa hiyo mbele ya kila ubao mimi hujiuliza kwanza: huu ulikaa wapi, na aliyeutazama alikuwa amesimama au amepiga magoti?

Jibu likiwa magoti, shuka chini. Nasema kweli, chuchumaa, mradi usivuke alama ya kizuizi. Dhahabu ile imebandikwa juu ya udongo mwekundu, kisha ikanakshiwa kwa kugongwa na vyuma vidogo. Ukiwa umesimama wima huoni kitu zaidi ya rangi ya njano. Ukishuka, nakshi zinawaka moja moja na mavazi yanaonekana kama yanatikisika. Na ukibahatika kufika Metropolitan Museum, New York, tafuta Bikira na Mtoto wa Duccio, mchoraji wa Siena, kapicha kasikofika sentimita 30 kwa urefu. Kwenye ukingo wa chini wa fremu kuna alama nyeusi za kuungua. Ni mishumaa ya watu waliosali mbele yake.

Kazi kubwa ya Duccio ni Maestà, picha ya madhabahuni yenye mbao nyingi, iliyobebwa kwa maandamano hadi kanisa kuu la Siena mwaka 1311. Mwaka 1771 ikakatwa kwa msumeno, na baadaye vipande vikatawanyika. London waliunganisha tena vipande vya sehemu ya chini, upande wa nyuma, vingine vikitoka Madrid, Washington na Fort Worth. Hapo ndipo nilipomwelewa yule kipofu wa Injili aliyeponywa na Yesu. Amechorwa mara mbili kwenye ubao mmoja: kwanza Yesu anamgusa macho, halafu yuko kwenye maji, fimbo ameiachia, ameinua uso juu. Anatazama nini? Ukimwona peke yake huwezi kujua. Ubao unaofuata ni Yesu anang'aa mlimani. Macho yamefunguka, na kitu cha kwanza yanachokutana nacho ni nuru ile! Ndiyo maana nakushauri usiiache picha bila kuuliza jirani yake alikuwa nani.

Nyuso zikikuonekea za kijani, usidhani mchoraji alitaka wagonjwa. Chini ya ngozi walipaka kijani, juu yake waridi, waridi imechakaa. Rangi zenyewe zilichanganywa na kiini cha yai. Buluu nzuri kuliko zote ilitokana na jiwe la Badakhshan, Afghanistan. Tazama pia pindo za nguo: mara nyingi utaona maandishi yanayofanana na Kiarabu. Aliyesoma chuoni atajaribu kuyasoma, na atashindwa, maana si maneno. Wachoraji walivutiwa na vitambaa vya Mashariki wakaiga umbo la herufi tu.

Mengine kwa ufupi. Kata tiketi mtandaoni ya saa ya kwanza asubuhi, acha begi mapokezi, chagua picha chache ukae nazo. Yale maonyesho yalikwisha Juni 2025, lakini vipande vitatu vya Maestà ni vya National Gallery yenyewe, na makusanyo yake ya kudumu hayana kiingilio.

Picha za ukutani ni habari nyingine. Fundi alipiga lipu ya chokaa eneo la kazi ya siku moja, akapaka rangi kabla haijakauka, rangi ikashikana na ukuta. Hazisafiri. Ukiziona kwenye maonyesho, ujue zilibanduliwa, mara nyingi kwa gundi na kitambaa, na kuna kilichopotea. Utawala Mwema wa Ambrogio Lorenzetti (1338–1339) uko palepale ukutani, kwenye jumba la serikali la Siena, na kuufuata ni lazima upande ndege.

Ukifika Italia, usiache kanisa dogo la Scrovegni, Padua, ambalo kuta zake zilichorwa na mchoraji Giotto, akazimaliza yapata 1305. Lazima uweke nafasi mapema. Kwanza unakalishwa kama dakika 15 kwenye chumba cha kupunguza unyevu, na muda wa ndani haupiti sana hapo. Tumia kungoja huko kukariri mpangilio: anza safu ya juu kabisa, na Yoakimu na Ana, wazazi wa Maria, ambao hutawakuta kwenye Injili zile nne. Kisha shuka safu kwa safu, ukizunguka ukuta hadi ukuta.